Roketi Iliyokunywa Gongo

Roketi ya kwanza kuruka kutoka shuleni kwetu ilikunywa gongo. Nasema gongo hiyohiyo mnayoijua, ya Mama Vumilia, iliyofika maabara ndani ya dumu la njano lililoandikwa "mafuta ya taa" ili bodi ya shule isiulize maswali.

Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, kwanza Mbeya, kisha huku milimani Iringa ambako chaki hulowa ukungu kabla hujaigusisha ubaoni. Sasa nimestaafu. Nyie vijana mnaokuja kunisalimia mnapitia haraka habari za afya yangu, mnakunywa chai yangu, halafu mnauliza habari ya roketi. Basi nimeamua kuiandika, ili chai yangu ipumzike.

Lakini kwanza tuwavue makoti wale wazee wa roketi waliotutangulia. Vitabuni mmewaona wamevaa tai, wametulia kama wanasubiri kubatizwa. Majina yao mtayakuta hukohuko. Mimi nawapendea mambo ambayo vitabu vinayapita mbiombio. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu huko Urusi, mji wa pembezoni, masikio yake mabovu tangu utotoni, akajitengenezea tarumbeta za bati za kusikilizia. Huyo ndiye aliyekaa na kalamu akaonyesha kwamba ukitaka kwenda mbali juu, baruti haitoshi, unahitaji mafuta ya kimiminika. Hakurusha chombo hata kimoja. Mwingine, Mmarekani, alirusha cha kwanza duniani cha mafuta hayo kwenye shamba la shangazi yake. Kilipanda mita kama kumi na mbili kikaanguka kwenye kabichi. Kabla ya hapo gazeti kubwa la kwao lilikuwa limeshamcheka hadharani, likisema hajui fizikia ambayo watoto wa shule wanaijua. Halafu kuna wale vijana wa Kijerumani, wengi hawana ajira, waliokodi ghala la zamani la risasi wakawa wanalipua injini humo mchana kutwa. Baadaye jeshi likawachukua baadhi yao, na roketi zao zikaanza kuangukia miji ya watu. Hilo nitalirudia, kwa sababu lilituletea balaa kanisani.

Nilipoanzisha klabu ya roketi, tulipewa banda lililokuwa la sungura. Sungura walikufa kwa ugonjwa, harufu ikabaki. Humo ndimo tulimofanyia kila kitu, na banda hilo ndilo mzozo wenyewe wa habari hii, kwa sababu bodi ya shule ilikuwa inalitaka ili iweke humo mahindi ya chakula cha wanafunzi. Bila banda hakuna klabu. Mkuu wa shule hawezi kuruhusu kitu kinachowaka moto kifanyiwe darasani, na mimi nisingemlaumu.

Fundi wetu alikuwa Ambakisye, mchomeleaji mwenye karakana Mbalizi, niliyemfahamu tangu nilipofundisha Mbeya. Ambakisye ni Mnyakyusa mwenye mikono ya daktari na mdomo wa kondakta. Alikuja na mtungi wake wa oksijeni juu ya lori la mbao, akashuka amejaa vumbi, akalitazama banda, akasema:

"Madam, uliniambia tunakwenda mwezini. Huku ni kwenda jela."

"Tunaanzia hapa."

"Sungura wenyewe walishindwa kuishi humu."

Wataalamu watasema oksijeni yetu nayo ilipaswa kuwa kimiminika, ya baridi kali, kama ya yule Mmarekani. Waje wanionyeshe inapouzwa Mbalizi. Sisi mafuta yalikuwa kimiminika, oksijeni ilikuwa gesi ya kuchomelea mageti. Roketi haikulalamika.

Pampu ilitusumbua kwa muda mrefu. Siri kubwa ya injini hizi, wanangu, ni kuyasukuma mafuta yaingie kwenye moto ambao wenyewe unayasukuma yarudi yalikotoka. Ambakisye alinunua Ruaha Mbuyuni bomba la mgongoni la kupulizia dawa nyanya, kwa mkulima aliyeapa kuwa ameliosha. Tulipowasha, injini ilikohoa, ikatoa wingu jeupe, na nzi wote wa jiko la shule wakaanguka chini. Mpishi alitushukuru. Sisi tulitapika mpaka jioni. Tangu siku hiyo kila chombo kilichoingia bandani nilikinusa mwenyewe, na nawashauri mfanye hivyo hata mkija kufanya kazi kwenye viwanda vyenye vyoo vya vigae. Lebo huandikwa na mtu. Pua ni yako.

Kosa la pili lilikuwa la heshima, maana yule Mmarekani alilifanya kabla yetu. Yeye aliiweka injini juu kabisa, matangi yakining'inia chini yake, akiamini kitu kinachovutwa kwa juu hakiyumbi. Ambakisye aliiona picha hiyo kwenye kitabu changu akaipenda papo hapo.

"Hii ndiyo akili. Umeona wapi mkokoteni unamsukuma ng'ombe?"

"Ng'ombe ana miguu chini, Ambakisye. Hii haina cha kukanyaga."

"Madam, wewe una digrii, mimi nina ng'ombe."

Tulitengeneza kielelezo kidogo, injini juu. Kilipanda kimo cha mtu, kikageuka taratibu kama mlevi anayetafuta mlango, kikaingia dirisha la bweni la wavulana. Hakuna aliyeumia, ila godoro moja liliungua, na mwenye godoro alionekana kufurahi kupata jipya. Kesho yake Ambakisye akahamishia injini chini. Yule Mmarekani naye alihamisha. Kinachozuia roketi kuyumba ni mahali uzito ulipo ukilinganisha na mapezi ya nyuma, wala haijali injini imeketi juu au chini. Hilo mtaulizwa kwenye mtihani. La ng'ombe hamtaulizwa.

Sasa gongo. Mwanzoni tulitumia spiriti safi ya maabara, ile ya kuwashia taa za majaribio. Iliwaka vizuri mno. Pua ya injini, yaani ule mdomo wa nyuma unaotoa moto, iliyeyuka ikadondoka kama nta. Ambakisye akachomelea nyingine, nayo ikadondoka. Spiriti ikaisha, na mkuu wa shule akakataa kuagiza nyingine. Ndipo nikapanda kilima kwenda kwa Mama Vumilia.

"Kamwene, Mwalimu," akasema. "Dumu zima? Kuna msiba?"

"Ni ya maabara."

"Ndivyo wanavyosema wote. Mwalimu wa historia husema ya kusafishia kidonda. Kidonda hicho hakiponi mwaka wa ngapi huu."

"Nataka ile kali kabisa. Machozi ya simba."

"Mimi sina nyingine," akaniapia, mkono juu.

Tuliwasha. Injini ilinguruma, ikanyamaza ilipoishiwa, na pua ikabaki nzima. Tukarudia, nzima. Nikapima lile dumu kwa kipimo cha maabara, nikagundua Mama Vumilia ameitia maji kama anavyowatilia wateja wake wote. Maji yale yalipunguza joto la moto kiasi cha kukiokoa chuma. Wajerumani wa ghala la risasi na wenzao walichanganya alkoholi na maji kwa sababu hiyohiyo, wakijua wanachofanya. Mama Vumilia alikuwa anatuibia tu. Nilipomwambia, alikasirika.

"Maji? Kwangu? Mwalimu, usinichafulie jina."

"Nakusifu, dada. Yametusaidia."

"Hata kama yamesaidia, sikuweka."

Injini ikawa tayari, na bodi nayo ikawa tayari. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mzee Nyagawa, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu la Kilutheri na ndiye msomaji wa matangazo ya Jumapili. Ujanani alikuwa mkufunzi wa mgambo. Ni mtu mwema, mnyoofu kama msumari, na ana ugonjwa mmoja, Kiswahili fasaha. Akisikia neno lenye asili ya Kiingereza huumwa tumbo. Husema "tarakilishi." Simu yake huiita "rununu," kwa hiyo hakuna anayejua anachokitafuta anapokuwa ameipoteza.

Kikaoni nilijitetea. Niliwaambia kwamba wale wazee wote walianzia mahali pa ovyo, shambani kwa shangazi, kwenye ghala bovu, na kwamba banda la sungura lina hadhi yake katika historia.

"Mwalimu," akasema Mzee Nyagawa, "mahindi yana hadhi gani yakioza?"

"Nipeni nafasi moja. Mkiona kitu kimeruka mtaelewa."

"Kiruke mpaka wapi? Hata kuku huruka."

Akatazama nje ya dirisha. Kanisa liko mkabala na kiwanja cha shule, na mnara wake wa kengele unaonekana kutoka kila kona.

"Kikipita kengele, banda ni lenu moja kwa moja. Kisipopita, mahindi yanaingia wiki hiyohiyo. Nitaamua mimi kwa macho yangu."

"Mwenyekiti, roketi ya kwanza duniani isingefika kwenye hiyo kengele."

"Basi na aliyeirusha tusingempa banda."

Wajumbe walipiga makofi. Ikaandikwa.

Nilimwomba atangaze kanisani ili watu wafunge mifugo siku hiyo. Nilimwandikia sentensi tatu fupi, nikiwa nimetumia neno roketi. Jumapili akasimama, akaweka miwani, akasoma. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu mimi na joho langu la kwaya tulikuwa mstari wa mbele.

"Jumamosi ijayo, shule yetu itarusha kombora."

Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Kombora hilo litaelekea juu," akaendelea. "Wenye ng'ombe wafunge. Watu wote mnakaribishwa kushuhudia. Mtakaposikia mlio, mwanamume kwa mwanamke, laleni kifudifudi, mikono kisogoni, vinywa wazi. Tuendelee na sadaka."

Hayo ya mwisho hayakuwa kwenye karatasi yangu. Yalitoka mgambo. Nilimkimbilia nje ya mlango.

"Mzee Nyagawa, niliandika roketi."

"Roketi si Kiswahili."

"Kombora ni silaha! Kombora linalenga watu."

"Na hiyo yako inalenga nini?"

"Inalenga juu."

"Chuma ni kilekile, moto ni uleule. Tofauti yake ni nani ameshika bomba."

Historia ya wale vijana wa ghala la risasi ilikuwa upande wake. Nikamwambia basi angalau la kulala kifudifudi alifute.

"Usalama kwanza, Mwalimu," akasema, akanipa mkono, akaondoka na Biblia kwapani.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko wanaokuja Krismasi. Walikuja kutoka vijiji vya mbali, wengine na mablanketi, mzee mmoja na kofia ya pikipiki. Vijana walishika simu juu. Mchungaji alikuja na kwaya. Mzee Nyagawa aliletewa kiti akakiweka mahali alipopachagua mwenyewe tangu asubuhi, ambapo ukikaa unaona chuma cha kurushia na mnara wa kengele kwa mstari mmoja. Alivaa suti. Nilimwona akifuta miwani mara kwa mara, na nikajua kwamba kweli ataamua kwa haki.

Mimi na Ambakisye tulikuwa ndani ya handaki tulilochimba, juu yake tumeezeka bati na kuweka viroba vya mchanga. Humo unaona geji na kamba ya koki, huoni mbingu. Tulichagua hivyo kwa sababu ya godoro.

"Madam," akanong'ona Ambakisye, "kama haipandi, mimi naondoka kwa nyuma. Lori linanisubiri barabarani."

"Na mtungi wako?"

"Mtungi nitausamehe."

Wanafunzi walihesabu kurudi nyuma kwa sauti. Ambakisye akavuta kamba. Mlio ulikuwa kama bati la kanisa zima linachanwa kwa mkono. Udongo ulituangukia kichwani. Geji ilisimama pale nilipoiombea isimame. Kisha mlio ukahama, ukapanda, ukawa mwembamba, ukakatika. Kimya. Kisha kishindo upande wa pili, kwenye viazi.

Nilitoka handakini nikiwa napiga kelele. Kiwanja kizima kilikuwa kimelala chini kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Kwaya kifudifudi, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Mchungaji kifudifudi. Wanafunzi wangu wa fizikia, niliowafundisha mwenyewe kwamba hakuna hatari kwa umbali ule, kifudifudi, vinywa wazi, wamejaa nyasi. Na mbele ya kiti kilichopinduka alikuwepo Mzee Nyagawa, mikono kisogoni, visigino pamoja, amelala sawasawa kabisa na alivyokuwa akiwafundisha mgambo. Mwili wake ulikuwa umetii kabla kichwa hakijakumbuka kuwa yeye ndiye mwamuzi.

Mtu mmoja tu alikuwa ameketi. Mama Vumilia, juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatafuna hindi la kuchoma. Jumapili asubuhi huwa hafiki kanisani, anaandaa kwa ajili ya watakaotoka kanisani, kwa hiyo tangazo halikumfikia.

"Imepita?" nikamuuliza, nikihema.

"Imepita nini?"

"Kengele!"

"Ah, kengele. Imeiacha chini kama mtu aliyekosa lifti." Akatafuna. "Lakini hawa wenzako wamefanyaje? Wamekufa?"

Mzee Nyagawa aliinuka taratibu, akajipangusa magoti, akaokota miwani. Aliangalia juu kwa muda mrefu, pale ambapo sasa palikuwa na moshi mwembamba na mwewe mmoja.

"Mwenyekiti," nikasema, "umeona?"

Aliniangalia. Nakiri nilimwonea huruma. Mtu huyu hajawahi kusema uongo mbele ya ile kengele.

"Suala hili," akasema, "linahitaji kikao."

Tulikimbilia simu. Vijana walikuwa wamerekodi kila mmoja kwa uwezo wake, na tulizipitia video zote bandani. Zinaonyesha nyasi. Nyingine zinaonyesha kiwiko. Moja, bora kuliko zote, ina mlio safi kabisa wa injini, kisha sauti ya mtoto ikisema, "Mama, unanilalia." Nikawaambia wanafunzi wasihuzunike. Siku yule Mmarekani aliporusha ile ya kwanza, mkewe alikuwa amesimama na kamera ya filamu, ya kujazwa kwa kuzungushwa mkono. Ikaisha nguvu kabla roketi haijaondoka. Hakuna picha ya kitu kile kikiwa hewani mpaka leo. Lakini wao hawakuwa na bodi.

Kikao kilikaa. Niliitwa kutoa ushahidi, nikasema nilikuwa chini ya bati. Ambakisye akasema hivyohivyo, akiongeza kwamba kwa mlio ule alidhani imepita na wilaya.

"Nani aliona?" akauliza mjumbe mmoja.

"Mama Vumilia," nikasema.

"Anafanya shughuli gani huyo mama?"

Wajumbe wote walitazama dari. Dari ya ofisi ile ni mbao tupu, haina cha kutazamwa.

"Jina hilo," akasema Mzee Nyagawa baada ya kukohoa, "haliwezi kuingia kwenye muhtasari wa shule."

"Basi Mwenyekiti atuambie aliyoyaona yeye. Si tulikubaliana ni kwa macho yake?" nikasema.

"Wakati huo nilikuwa katika mkao wa kiusalama."

"Yaani?"

"Yaani mkao wa kiusalama."

Mjumbe mwingine, mama mmoja mkulima wa chai, akapendekeza turushe tena. Nilikubali haraka. Injini ilikuwa imepinda ilipoangukia viazi, lakini Ambakisye alisema anaweza kuinyoosha. Mzee Nyagawa alifikiri, kisha akatikisa kichwa. Kurusha tena, alisema, ni sharti iandikwe sababu ya kurusha tena, na sababu hiyo ingepaswa kusomwa kanisani, na msomaji ni yeye.

Tangu siku hiyo mimi nimestaafu. Mwalimu kijana wa fizikia ameichukua klabu, na wanafunzi wanajenga injini mpya bandani, kwa muda, hadi uamuzi utakapotoka. Mahindi yako ofisi ya walimu, wanasahihisha madaftari wakiwa wamekalia magunia na wananilaumu mimi. Nikikutana na Mzee Nyagawa tunasalimiana vizuri, anauliza wajukuu, namuuliza mgongo. Wiki iliyopita nilimuuliza na lile jingine, la banda. Alisema bado liko kwenye ajenda, kipengele cha mwisho, na kwamba kila mara wanapokifikia giza linakuwa limeshaingia.